Nani Atapimwa Kwenye Hii Mizani?

Hakuna Mswahili anayehitaji kamusi kulielewa neno mizani. Dukani ni ile ya kupimia sukari na unga. Kwa dereva wa lori anayetoka bandarini akipita Changamwe, mizani ni Mariakani, pale ambapo mzigo ukizidi safari inageuka kesi. Kwa mshairi ni hesabu ya silabi ndani ya mshororo, na ikipungua moja tu wazee wa ushairi watakuona huna adabu. Na kwa mwenye kuswali, mizani ni ile ya Siku ya Kiyama, isiyoacha hata chembe.

Kwa hivyo Februari 2024, kitabu kiitwacho Al-Mizan kilipozinduliwa Nairobi wakati wa kikao cha sita cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, nilidhani sisi wa Pwani ndio tutakaokipokea kwa mikono miwili. Ni agano la Kiislamu kuhusu Dunia, kazi ya jopo la wanazuoni na wataalamu wa mazingira. Miongoni mwao yumo Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka aliyeanzisha taasisi ya ikolojia ya Kiislamu huko Birmingham, na Othman Llewellyn, aliyefanya kazi ya kupanga hifadhi Saudi Arabia kwa miaka mingi. Nimekisoma kwa simu, kwa Kiingereza, kidogo kidogo, mara ndani ya matatu ya Kisauni, mara kwenye foleni ya feri. Nina maneno nacho. Na nina maneno zaidi na ndugu zake wadogo: khutba, vipeperushi na semina za mazingira tunazoletewa huku kwetu, nje ya kisiwa.

Swali la kama Uislamu unajali mazingira halinishughulishi. Hilo lilishajibiwa zamani. Kuna andiko la kanuni za Kiislamu za kuhifadhi mazingira lililotoka Saudi Arabia mwaka 1983, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na Llewellyn huyo huyo alishiriki kuandika toleo lake la pili. Mimi nauliza swali la msomaji wa fasihi: haya maandishi yanamwambia nani, na yanamwambia nini? Ukisoma hadithi fupi unauliza nani anasimulia na nani anasutwa. Khutba nayo ni utanzu. Hebu tuisome hivyo hivyo.

Tuanze nayo, maana ndiyo fasihi ya mazingira inayowafikia watu wetu wengi zaidi, tena bure. Nimeshazisikia za kutosha, Likoni na Kisauni, hata najua zilivyojengwa. Hamdala. Kisha aya ya 41 ya Sura Ar-Rum, inayosema kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Kisha hadithi ya mwenye kupanda mti, kwamba kila ndege na kila mtu atakayekula matunda yake anamwandikia sadaka. Kisha ile ya kutofuja maji ya udhu hata ukiwa kando ya mto unaotiririka. Halafu usafi na imani. Halafu mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, chupa, mitaro iliyoziba. Dua, tunakimiwa swala, tunatoka.

Si khutba mbaya. Aya ni aya, hadithi ni hadithi, na mitaro imeziba kweli. Lakini sikiliza ni nani anayelaumiwa. Ni sisi. Ni mamangu anayemwaga maji machafu mlangoni, ni kijana anayerusha chupa dirishani mwa matatu. Ile mikono ya watu iliyotajwa kwenye aya inageuka kuwa mikono yetu peke yetu, na khatibu akishuka mimbarini hakuna mwingine yeyote duniani aliyeguswa.

Chukua ile ya udhu. Maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakishasafiri masafa yote hayo, mitaa mingi ya huku bara bomba linakohoa hewa tu. Tunachojua sisi ni mkokoteni, mitungi ya lita 20, na kisima cha jirani chenye maji ya chumvi yasiyotoa povu la sabuni. Sasa mtu aliyenunua udhu wake kwa mtungi, anayepanga kila asubuhi lipi lioshe vyombo na lipi lichemshiwe chai, huyo unamwambia nini kuhusu kutofuja? Yeye ndiye angepanda mimbari atufundishe. Hadithi yenyewe inamsema aliyekaa kando ya mto. Hapa Mombasa aliyekaa kando ya mto ni nani? Mimi sijawahi kuona bwawa la kuogelea la hoteli ya ufuoni likiwa kavu. Hadithi ni ile ile, lakini imepelekwa kwenye anwani isiyo yake.

Au chukua aya ya Ar-Rum. Neno la Kiarabu lililotumika pale ni fasadi, mzazi wa ufisadi wetu. Katika Kenya hii mtoto wa darasa la nne akisikia ufisadi hafikirii chupa ya soda. Anafikiria tenda, leseni, bahasha, mtu mkubwa aliyeshikwa Ijumaa na kuachiliwa Jumatatu. Yaani lugha imetufanyia tafsiri nusu ya kazi bila kuombwa. Khatibu anayelitamka neno hilo halafu akakimbilia kwenye takataka za rejareja amelikimbia neno lenyewe.

Turudi kwa Al-Mizan. Haki yake nimpe kwanza. Pale kinapozungumza fikihi, kitabu hiki kina nguvu kuliko chochote nilichosoma katika mkondo huu. Kinatukumbusha kwamba sheria ya Kiislamu ina kanuni ya kukataza madhara, usidhuru wala usidhuriwe, na kwamba mafakihi walijenga juu yake vyumba vizima. Kuna hima, ardhi inayotengwa kwa manufaa ya wote. Kuna wakfu. Kuna harim, ule ukanda unaokizunguka kisima au mto ambao hakuna mwenye ruhusa ya kuuchafua au kuujenga. Na katika historia ya miji ya Kiislamu alikuwepo muhtasib, yule afisa aliyekuwa akizunguka sokoni kukagua vipimo, na kazi yake ilifika hadi kwenye uchafu na kero za njiani. Mtu mmoja, jukumu moja: mizani ya duka na hewa ya mtaa.

Hiyo harim hebu niisimamie kidogo, maana ilinikamata. Mafakihi hawakusema tu kisima kiheshimiwe. Walibishana ni dhiraa ngapi, na hesabu inayotajwa sana ni 40. Sasa tembea Likoni, au Kisauni ndani ndani, mahali mwenye nyumba ameziba kila futi ya kiwanja kwa vyumba vya kupangisha, akachimba choo cha shimo hatua chache kutoka kisima ambacho wapangaji wake hao hao wanateka. Kipindupindu kikiingia tunaambiwa tuoshe mikono. Khutba ya harim ingemfikia mwenye nyumba. Pengine ndiyo maana haisomwi. Mwenye nyumba huwa safu ya mbele, na ndiye aliyechangia zulia.

Lakini pale Al-Mizan kinapotoka kwenye fikihi na kuingia kwenye nasaha, sentensi zinaanza kuvaa suti. Unaona kabisa kwamba andiko lilipita mezani kwa watu wengi, kutoka nchi nyingi, na kila mmoja akaondoka ameridhika. Anayekosea anakuwa binadamu. Neno binadamu linafaa sana kwa kujifichia: ndani yake yumo mvuvi wa Likoni mwenye ngalawa moja na yumo mkurugenzi wa kampuni ya mafuta, na wote wanaombwa watubu kwa sauti moja. Kitabu kinakiri kwamba maskini ndio wanaoumizwa zaidi. Kinakiri, kisha kinaendelea kuzungumzia upatanifu na uzuri wa maumbile. Ni kweli na ni pazuri, ila mimi nilikuwa nangojea kesi isomwe.

Na hili linaniuma kwa sababu ya jina lenyewe. Fungua Sura Ar-Rahman, aya ya 7 mpaka ya 9. Mbingu inainuliwa na mizani inawekwa. Papo hapo watu wanakatazwa kuivuka, wanaambiwa wapime kwa haki na wasipunje. Kutoka mbinguni hadi kwenye kaunta ya duka ni aya mbili tu! Anayesoma hapo habari za nyota na matumbawe akaruka habari za kupunja amesoma nusu. Na kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayowasuta watu wa namna moja tu: wakipokea wanataka kipimo kijae, wakiwapimia wengine wanapunguza. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 5 ya gesi zinazolipasha joto anga la dunia. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya pwani hii yalipauka na kufa kwa wingi, na mvuvi wetu hakuwa ameagiza joto hilo wala hakupokea senti ya faida yake. Hiyo ndiyo mutaffifin. Sihitaji neno jipya la kongamano la Umoja wa Mataifa kulieleza.

Kuna andiko jingine la mkondo huu lililothubutu zaidi, nalo ni Tamko la Istanbul la Agosti 2015, lililotolewa miezi michache kabla ya mkutano wa Paris. Ni fupi. Khalid alikuwemo hata humo. Tofauti yake ni kwamba linapofika kwenye madai linayagawa kwa majina ya makundi: nchi tajiri hivi, nchi zinazozalisha mafuta hivi, makampuni hivi, na zinazozalisha mafuta zinatakiwa ziwe mbele kuachana na gesi chafu, mwisho wake katikati ya karne. Wengi wa wenye mafuta hao ni ndugu zetu katika imani, na misikiti mingi ya Pwani imejengwa kwa sadaka za Ghuba. Waislamu kukaa Istanbul na kuandika hivyo, ilitaka moyo. Kama mtunzi, napenda pia kwamba lawama imepewa mwenyewe. Huwezi kulisoma ukadhani linamsema mamangu.

Sasa kuna hadithi moja inayopendwa sana na wanaoandika mambo haya kutoka nje, na inatokea jirani, kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Utaikuta kila mahali ikisimuliwa hivi: wavuvi walikuwa wakitumia baruti, serikali ikakataza, hawakusikia, wakaja watu na semina ya Qur'ani, wavuvi wakaacha. Mwisho mwema, picha ya mzee mwenye kofia.

Kilichotokea kweli kina utamu zaidi ya hapo. Misali ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na semina za maadili ya Kiislamu alizoongoza Khalid zikaanza mwaka uliofuata. Kulikuwa na sheria, kulikuwa na jumuiya ya wavuvi wenyewe, walinzi, mashirika yaliyotoa pesa na boti. Mahubiri yalikuwa mkono mmoja kati ya mikono mingi. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na ngano. Watu wa Pemba wanasimulia kwamba Nabii Khidhri, wao humwita Hadhara, alifika kisiwani akaomba msala wa kuswalia, hakupatikana, naye akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa vile kimeelekea kibla. Ndipo jina Misali. Sasa niambie, nani anarusha baruti juu ya msala? Wavuvi walikuwa na fasihi ya uhifadhi kabla ya kongamano la kwanza. Ile simulizi ya kigeni inawafanya watu waliokuwa gizani mpaka walipoletewa dini yao wenyewe kwa projekta.

Napenda ngano ya Misali kwa sababu haimkaripii mtu. Inampa kitu cha kulinda kwanza. Lakini hata hiyo haitoshi huku kwetu, kwa sababu Changamwe hakuna msala wa kulinda, kuna bomba la moshi la mtu.

Nije hapo basi. Owino Uhuru, Mikindani, eneo ambalo kabla ya uchaguzi wa 2013 lilikuwa chini ya Changamwe. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kikafunguliwa ukutani mwa makazi ya watu wapatao 3,000, kitoe madini ya risasi. (Kiswahili kimeyapa madini hayo na kile cha bunduki jina moja, na sioni sababu ya kuyatenganisha.) Moshi ukaingia vyumbani, maji yakaingia mitaroni, watoto wakaugua. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo, na mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi mwilini. Akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa tuzo ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na si kampuni tu iliyotiwa hatiani bali taasisi za serikali pia, NEMA ikiwemo, kwa kuacha hayo yatendeke. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kesi ile haikuletwa kwa jina la dini yoyote, na Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kila imani. Ilisimama juu ya ibara ya 42 ya Katiba, haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sawa kabisa. Lakini nilipokuwa naifuatilia nilikuwa nasikia fikihi ndani yake kila hatua: usidhuru, aliyedhuru alipe, aliyekabidhiwa mizani akaangalia pembeni naye aulizwe. Muhtasib aliyelala ndiye hasa aliyekuwa kizimbani. Kama kuna kisa kilichoumbwa kwa ajili ya mimbari ya Mombasa ni hiki, na katika khutba zote za mazingira nilizokaa kuzisikiliza, hakuna hata moja iliyoitaja Owino Uhuru kwa jina. Tuliambiwa kuhusu mifuko.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu ustadh mmoja, mtu ninayemheshimu, alishanipa barazani: imamu akitaja kampuni Ijumaa, Jumamosi anaitwa na kamati, Jumapili anaitwa na wakubwa, na Mombasa hii imamu kuitwa na wakubwa si jambo la kuchezewa. "Wewe kijana waandika kwa simu," aliniambia, "mie nina watoto." Siwezi kumbishia hilo. Khutba ina hatari zake ambazo makala ya mtandaoni haina. Ila kuna mipaka ya hofu na kuna mazoea yanayojificha nyuma ya hofu. Harim ya kisima haitaji kampuni. Mutaffifin haitaji mtu. Unaweza kuisoma sura hiyo, ukanyamaza pale inapostahili, na kila aliyeketi akajua moshi ni wa nani.

Lamu walilionyesha hilo. Walipoletewa mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, jumuiya ya Save Lamu na wakazi walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mji wa misikiti na maulidi ule haukuhitaji kufundishwa kwamba wao ni makhalifa wa Mungu ardhini. Walichohitaji ni taarifa ya athari za mradi, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya mambo kuamuliwa. Maandishi ya imani yanapenda sana neno amana, kwamba dunia tumekabidhiwa. Ni neno zuri. Lakini amana bila dhulma ni hadithi yenye shujaa bila adui, na watu wa Lamu adui walimwona.

Mombasa tuliwahi kuwa na nathari ya namna ninayoitamani. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, kisha mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Aliandika kwa Kiswahili cha watu wa mji, juu ya mambo ya mji: elimu, biashara, ardhi inayoponyoka mikononi mwa wenyewe. Aliwakaripia Waislamu wenzake, tena bila huruma, na sehemu nyingine anakaripia mpaka nachoka. Lakini hakuishia kwenye kukaripia. Alieleza nani anafaidika na usingizi wao. Na aliandika kwa watu ambao kesho yake angekutana nao njiani, wakamshika mkono au wakamtolea macho.

Hicho ndicho Al-Mizan hakiwezi kuwa nacho hata kikitafsiriwa kwa Kiswahili kizuri namna gani. Waandishi wake hawatasimamishwa sokoni Kongowea na mama mwenye mtungi anayetaka kujua dhiraa 40 ni hatua ngapi, na kama choo cha mwenye nyumba wake kimo ndani yake au nje. Imamu wa mtaa atasimamishwa.